Siku Niliyomlazimisha Naserian Kuhesabu Ndugu Zake

Jumapili jioni, Nainokanoka. Ukungu uliondoka saa tano asubuhi, ukarudi saa tisa. Baridi ya kuvaa sweta mbili. Nguo nilizofua jana bado mbichi kwenye kamba.

Shajara yangu, nimekukwepa wiki nzima. Wanaopitia blogu hii wamezoea picha za sukuma wiki yangu inayogoma kuota, vituko vya wanafunzi na malalamiko ya mtandao. Leo sina kituko. Leo naandika jambo ambalo natamani lingekuwa la mtu mwingine, nami niwe wa kulisimulia tu na kumsikitikia.

Nimemwonea mtoto wa miaka minane.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianza na visingizio sitafika popote.

Nafundisha Darasa la Pili. Mimi ni Mwiraqw wa Kansay, nimekulia kwenye mahindi, maharage na ng'ombe watatu wa baba, na huku juu nimepangiwa kazi, mwaka wa tatu sasa. Wanafunzi wangu karibu wote ni watoto wa wafugaji wa Kimasai. Kiswahili wanakikuta shuleni. Kimaa changu mimi kinaishia kwenye salamu, "njoo" na "kaa chini". Tunaelewana kwa neema ya Mungu na kwa kuonyeshana vidole.

Jumatatu alikuja mkaguzi. Alifika na gari lililojaa tope, akasalimia ofisini, akaja kukaa nyuma ya darasa langu na daftari lake magotini. Nilijua anakuja, na nilijiandaa mno. Niliosha vizibo vya soda vya kuhesabia hadi vikang'aa. Na niseme ukweli wote: Ijumaa iliyotangulia niliwabakiza watoto watano wanaojua, nikawafundisha maswali nitakayouliza na majibu yake. Kila mwalimu anafanya hivyo, ndivyo nilivyojiambia.

Naserian hakuwa kati ya hao watano. Si kwamba hana akili. Anazo, tena nyingi, ila huwezi kujua zitatokea upande gani. Siku moja niliuliza jua linachomoza wapi, akajibu, "Kwa bibi." Bibi yake anakaa mashariki. Nilimwekea kosa, nikaendelea na somo.

Basi, niliandika ubaoni: Mzee ana ng'ombe 9. Ng'ombe 4 wamekwenda kunywa maji. Wamebaki wangapi? Nikanyoosha mkono kumchagua mmoja wa wale wangu watano. Mkaguzi akaniwahi. Alisema, "Hebu yule binti wa dirishani," na binti wa dirishani alikuwa Naserian.

Akasimama. Akasoma swali polepole, midomo ikicheza. Halafu akasema, "Ng'ombe wote bado ni wa mzee. Wale wamekwenda maji tu. Jioni watarudi."

Mkaguzi akacheka, wala si kwa ubaya. Mimi sikucheka. Nilimwambia nimeuliza wamebaki wangapi. Naye, kwa adabu kabisa, mikono nyuma, akanieleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: ng'ombe hawahesabiwi, mwalimu. Baba anasimama langoni jioni anawatazama wakiingia. Asipoingia mmoja anajua ni yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, na anajua aende kumtafuta wapi.

Wiki nzima jibu hilo limekuwa likinirudia nikiosha vyombo. Mimi nimesomea ualimu, nina cheti kimefungwa kwenye nailoni, na sijawahi kumweleza mtoto hesabu ni ya nini. Yeye alinieleza kwa dakika moja. Lakini Jumatatu sikusikia hivyo. Jumatatu nilisikia mtoto ananiaibisha mbele ya mgeni.

Na mgeni akaniuliza, kwa ile sauti ya chini ambayo darasa zima husikia, "Mwalimu, hawa wanajua kuhesabu kweli?"

Damu ikanipanda hadi masikioni.

Nikamwambia Naserian, "Haya. Kama ng'ombe hawahesabiwi, tuhesabie watoto wa kwenu."

Akanitazama. Nilidhani ni ukaidi. Sasa najua alikuwa anasubiri niseme nilikuwa natania. Aliponiona sitanii, akauliza, "Nikitaja majina?" Alikuwa anatafuta njia ya kunitii bila kufanya kile nilichomwambia, maskini, na mimi nikaiziba hiyo njia. Nilisema sitaki majina, nataka namba, tena kwa vidole, tena kwa sauti.

Akahesabu. Mmoja. Wawili. Alikuwa anakunja kidole kimoja kimoja karibu na kifua, kana kwamba anaficha. Namba aliyofika sitaiandika hapa. Alipofika kwa wa mwisho, mtoto mchanga wa kwao, sauti ilikuwa imepotea, nami nikamwambia arudie, hatujasikia.

Akarudia.

 Watoto sabini na kitu, wale wangu wanaopiga kelele hadi nasikia masikioni nikiwa nimelala, hakuna aliyeinua uso. Walikuwa wanatazama madawati. Mkaguzi akasema apigiwe makofi. Wakapiga, kwa sababu wameambiwa. Kisha akaandika kwenye kitabu cha wageni kwamba mwalimu anamudu darasa, na mimi nilisoma maneno hayo mara tatu kabla ya kwenda kula.

Sasa, ungeniuliza kama nilijua. Mtu mwingine angekuambia hakujua, mila za watu ni nyingi, mgeni ni mgeni. Mimi nilijua. Mwaka jana kwenye kikao cha wazazi nilimwuliza baba mmoja ana watoto wangapi, akajibu, "Wapo." Nilipomwuliza tena, mwalimu mkuu akanivuta pembeni. Akanieleza kuwa huku mtu hatamki idadi ya watoto wake wala mifugo yake. Ukiwahesabu kwa mdomo umewatoa nje, na kibaya kinachopita kinasikia. Nikaitikia kwa kichwa. Wala halikuwa jipya kwangu, kwani bibi yangu kule Kansay alikuwa hatuachi tuhesabu vifaranga chini ya kuku. Tulikuwa tunapigwa kofi la kisogoni kwa kosa hilo.

Nilijua, nikafanya, kwa sababu mtu mwenye kalamu alikuwa amekaa nyuma yangu.

Jumanne Naserian hakuja. Kwenye daftari la mahudhurio niliweka U, ya utoro. Jumatano U, Alhamisi U. Hiyo Alhamisi, wakati wa uji, msichana wa boma la jirani yao aliniambia bila hata kuulizwa: mdogo wake Naserian, yule mchanga, anaumwa kifua tangu usiku wa Jumatatu. Na Naserian amemnong'oneza huyo msichana peke yake kwamba ni yeye Naserian aliyemfanya mdogo wake augue, kwa sababu alimhesabu.

Unajua nilifanya nini? Nilimwambia huyo msichana akanywe uji wake. Na Ijumaa asubuhi nikaweka U ya nne.

Hiyo U ya Ijumaa ndiyo inayonikosesha amani. Zile tatu za kwanza ningeweza kuzitetea mbele ya mwalimu mkuu. Ya nne niliiandika nikijua. Niliiandika kwa mwandiko mzuri.

Jumamosi nilifua kila kitu, hadi mapazia. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi nilikuwa natafuta wa kunipa pole hata kwenye beseni. Leo baada ya ibada ukungu ulipokatika niliona sina tena sababu. Nilinunua sukari kilo moja na sabuni dukani, nikafuatana na kina mama wa kanisani waliokuwa wanakwenda kutembelea ndugu upande ule, maana kuna nyati kwenye miti ile na mtu hatembei peke yake.

Njia nzima nilipanga maneno. Nilikuwa nayo mazuri sana.

Boma la kina Naserian liko kwenye mteremko, uzio wa miiba, nyumba ya udongo ambayo mama yake aliijenga mwenyewe kwa mikono yake. Naserian ndiye aliyetokea wa kwanza. Alinijia hadi karibu, akainamisha kichwa nimguse utosini, kama watoto wa huku wanavyomwamkia mkubwa. Nikamgusa. Mkono wangu ulikuwa wa baridi na nilitamani kuurudisha mfukoni.

Mama yake alinikaribisha ndani. Nikamwamkia, "Takwenya," akaitikia, "Iko," akatabasamu kwa jinsi nilivyoitamka. Kiswahili chake ni cha mnadani, kifupi, lakini hakipotezi njia. Mtoto alikuwa mapajani, amefunikwa shuka jekundu, anapumua kwa kukoroma kidogo. Alisema walimpeleka zahanati Jumatano, amepewa dawa, tangu jana ananyonya. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema, "Mwalimu, umeacha kazi zako umekuja kumwona mtoto wangu. Mungu akuone."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

Nikasema, "Pole, mama. Nilisikia nikasema lazima nije."

Nikampa sukari. Akanichemshia chai ya maziwa, nikanywa, akanimiminia nyingine, nikanywa. Naserian alikaa karibu na mlango, mgongo kwetu, akichora chini kwa kijiti. Hakugeuka hata mara moja. Alikuwa hajasema kitu kwa mama yake, niliona wazi. Siku sita amelibeba peke yake. Sasa mimi mwenyewe nimekuja na sukari, nimekaa kwenye kigoda cha wageni, nimebarikiwa.

Nikauliza, kana kwamba sijui, mbona haji shule. Mama yake akasema amekataa. Kila asubuhi kichwa kinamuuma. Baba yake, aliye mbali na ng'ombe, amesema kwa simu wasimlazimishe. Akirudi na ng'ombe Jumatano, kama mtoto bado hataki, basi, atachunga mbuzi, na huyo mdogo wa kiume ataenda shule akikua. Aliyasema bila ukali, kama mtu anayekueleza mvua itanyesha lini. Mimi nilisikia kuanzia Jumatano mtoto mwenye akili kuliko wote darasani kwangu hatasoma tena. Nikasema, "Msifanye haraka," na nikaaga.

Ndiyo. Niliaga.

Mama yake akamwambia Naserian anisindikize hadi kwenye njia kubwa, ambako wale mama wa kanisani walikuwa wananisubiri.  Nilikuwa natafuta neno la kumwambia, la kitoto, la kumtuliza, nikaona kila neno lina harufu ya ile sukari. Tulipofika kwenye jiwe linalotokeza njiani alisimama. Aliuliza akiwa anatazama miguu yangu, "Mwalimu, nikihesabu kurudi nyuma, inafutika?"

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama siku ile ya ng'ombe. Usiku mtoto alipoanza kukohoa, alikumbuka kwamba kila asubuhi darasani tunahesabu kwenda mbele, kisha tunahesabu kurudi nyuma. Akafikiri, kama kwenda mbele ndiko kumeleta ugonjwa, kurudi nyuma kutauondoa. Basi akalala chini ya shuka akaanza kwa mdogo wake, akarudi mmoja mmoja, kwa sauti ndogo, hadi akafika kwa mmoja.

"Halafu nikakumbuka kuna sifuri," alisema. "Wewe ulisema sifuri ni hakuna mtu."

Akaishia hapo. Alifunga mdomo kwa mkono, akakaa hivyo hadi asubuhi. Na ndiyo maana haji shule. Kichwa hakimuumi. Tunahesabu kurudi nyuma kila siku darasa zima, na akiwa darasani atalazimika kutamka sifuri. Akitamka, kwao hatabaki mtu.

Nilikaa kwenye lile jiwe. 

Miaka yangu yote ya kufundisha sijapata mwanafunzi aliyelichukua somo langu kwa uzito namna hiyo. Nilimfundisha kurudi nyuma, akaenda nalo nyumbani, akalitumia kumwokoa ndugu yake. Na kila hatua aliyofikiri ilikuwa sawa. Ningetaka kumwonyesha kosa liko wapi nisingeliona. Kosa lilikuwa langu, halikuwa kwenye hesabu yake.

Nilimwambia, "Twende kwa mama." Akatikisa kichwa, akaogopa. Nikamwambia hatasema yeye, nitasema mimi. Wale mama wa kanisani niliwapungia mkono waendelee kusubiri, nikamshika mkono tukarudi. Alikubali kushikwa, lakini mkono wake haukunishika.

Mama yake alishtuka kutuona. Safari hii sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa Kiswahili chepesi, sentensi fupi, na hakuna hata moja niliyoipanga njiani. Nilisema Jumatatu nilimlazimisha Naserian kuhesabu watoto wako mbele ya watu. Yeye alikataa. Aliomba ataje majina, nikakataa mimi. Nilijua kwenu haifanyiki. Nilifanya kwa sababu ya mgeni aliyekuwa ananiangalia. Mtoto hana kosa, na anadhani ndiye amemletea mdogo wake ugonjwa.

Mama Naserian alimgeukia binti yake.  Akamwuliza jambo kwa Kimaa, na Naserian akajibu, na kadiri alivyojibu ndivyo maneno yalivyozidi kumtoka, hata nikasikia "sifuri" katikati, kwa Kiswahili changu, neno nililompa mimi. Hapo akalia. Kilio kikubwa cha mtoto mdogo, cha makamasi. Mama yake alimvuta, akamlaza upande wa pili wa paja kando ya yule mchanga, akamtemea mate kidogo kwenye paji la uso, kama wanavyobariki huku, kisha akamtemea na yule mdogo. Aliongea naye polepole. Sikuelewa hata neno moja, wala halikunihusu.

Baadaye akaniambia mtoto ana kifua, baridi ya huku inajulikana, hata yeye alikuwa nacho alipokuwa mdogo. Sijui kama ndivyo anavyoamini au alisema ili Naserian asikie. Alisema baba yake akirudi Jumatano atamweleza yeye mwenyewe, mimi nisije. Nikauliza kama Naserian atarudi darasani. Akasema, "Muulize mwenyewe, ana mdomo."

Nikamwuliza. Naserian alijifuta uso kwa shuka la mdogo wake. Aliuliza kama bado tutahesabu kurudi nyuma. Nikasema yeye hatahesabu mtu wala mnyama, ni vizibo tu, na asubuhi hakuna atakayeulizwa akikaa kimya. Alifikiri. Akasema atakuja kesho mtoto akiamka vizuri. Asipoamka vizuri, atakaa naye.

Hilo ndilo jibu lake na sina la kusahihisha.

Kwa hiyo kesho, kabla ya kengele, naingia kwa mwalimu mkuu na daftari la mahudhurio. Zile U nne nitazikata kwa wino mwekundu na kutia sahihi yangu, naye ataniuliza kwa nini, na nitamweleza, pamoja na habari ya wale watoto watano wa Ijumaa. Huenda ikafika kwa mkaguzi. Ifike. Kisha nitawaambia watoto wa Darasa la Pili kwamba Jumatatu iliyopita mwalimu wenu alikosea na Naserian hakukosea. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko ofisi, maana wale hawajui kuficha nyuso zao.

Ningependa kumaliza hapa. Ila kuna kitu kimoja.

Nilipoaga mara ya pili, mama Naserian alinisindikiza mwenyewe hadi kwenye uzio, mtoto mgongoni. Hakuwa na hasira. Aliniuliza taratibu, kama mtu anayetaka tu kujua, "Mwalimu, ile chai, kabla hujaniambia, uliinyweaje?"

 Nilitazama chini, nikasema asante, nikaenda zangu.

Jibu ninalo. Niliinywa vizuri tu, mama. Hata nikaongezewa.